Nilipanda Fizi Kujifunza Kutunza Frigo

Nilitumwa Fizi kwa sababu mkuu wa kituo chetu cha afya hapa Baraka alitaka nijifunze kutunza frigo, jokofu la chanjo, kwa kukaa na mwenzangu anayeijua, siyo kwa karatasi. Aliona ni bahati. Mimi niliogopa. Wiki iliyotangulia, asubuhi moja, nilikuta kipimajoto kinaonyesha nyuzi kumi na nne, joto linaloharibu chanjo, nikaandika tano. Watoto sita wakachanjwa dawa ile.

Jumapili asubuhi, barabarani. Mvua ilikuwa imekula njia ya mlimani, nikamshika mwenye pikipiki tumboni kwa nguvu.

"Mama, legeza kidogo," akasema. "Kabla tuanguke, mi nitakuwa nishakufa juu ya kukosa pumzi."

Sikulegeza.

Mchana, Fizi. Mama Furaha, anayetunza frigo ya kule, alinipokea kwake kwa ugali wa muhogo na ndakala, dagaa wa ziwani. Nilirudisha sahani ikiwa imejaa. Nikasema ni uchovu.

Jumatatu, kabla ya kazi. Wana desturi yao: wafanyakazi wote wanakaa kwenye mabenchi ya wagonjwa, kila mtu anasema alichokosea wiki ile, na wenzake wanasema wao wangefanyaje. Mkuu wao ndiye anayeanza. Nilidhani wanamfurahisha mgeni. Lakini Mama Furaha alisema aliacha mlango wa frigo wazi, akatupa chanjo zote, na bamama wenye watoto wa kuchanjwa wakatembea bure kutoka mashambani. Hakuna aliyemcheka. Mfagiaji alimwuliza tu kwa nini hakumwita amsaidie kukagua.

Zamu yangu ilipofika, nilisema mimi ni mgeni, sina la kusema.

Jumanne, saa kumi. Mama Furaha alinionyesha kusoma kipimajoto kwa sauti kabla ya kushika kalamu. Nikaiweka kalamu chini bila kuandika.

"Mama Sifa, kuko nini?" akaniuliza.

Nikamwambia yote. Akauliza, "Bale batoto bako wapi?"

Niliona haya. Siku zote zile nilikuwa nawaza kazi yangu tu.

"Kesho ushuke Baraka, umwambie mkuu wako," akasema. "Mi siwezi kusema pa nafasi yako."

Jumatano, Baraka. Nilimwambia mkuu. Niseme haki: hakunitukana. Alinipa karatasi nijieleze kwa maandishi. Kama nitafukuzwa, bado sijui. Kisha akafungua daftari la chanjo, tukatoa majina sita, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaita wachanjwe upya.

Jioni nilikuwa nimepata watano. Kwa wa sita nilikuta mlango umefungwa kwa waya. Jirani alikuwa anapepeta mchele.

"Balienda Misisi jana asubuhi, kwenye mashimo ya dhahabu," akasema. "Ungekuja juzi, ungebakuta."

Juzi ilikuwa Jumatatu. Ningesema pale kwenye benchi, mkuu wangu angepigiwa simu siku ileile. Frigo niliielewa kwa siku moja. Hili lingine, kusema kosa mapema, ndilo nililojifunza Fizi, na nimelijifunza nikiwa nimechelewa kwa mtoto mmoja, ambaye mpaka leo sijui yuko shimo gani na mama yake.