Kopo la Juu ya Kabati

Sijawahi kuchukia kitu kilichokufa kama nilivyomchukia yule kinyonga. Alikuwa amekauka, mkia umejikunja, macho yamedidimia, ngozi inapukutika kama rangi ya dirisha kuukuu. Mama mkwe wangu alimhifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la vyombo, jikoni kwake Suji. Kazi ya kinyonga huyo ilikuwa moja tu: kumlea binti yangu.

Binti yangu ana miaka miwili na ushee. Dada wa kazi alipoondoka ghafla, nilimpandisha mlimani kwa bibi yake, mimi nikabaki Same kazini. Sharti langu lilikuwa asichapwe. Lakini mkwe gani ana mdomo wa kumwambia mama mkwe wake jambo kama hilo? Nilimtuma wifi yangu, anayeishi naye palepale. Wifi akalifikisha, jibu likarudi kwamba mama amekubali, nami nikajiona mwerevu kweli.

Nilipopanda kuwaona nikawakuta wanakula makande. Binti akasukuma bakuli, makande yakamwagika mkekani. Mama hakufoka hata kidogo. Alimtazama tu wifi, naye wifi akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kopo, akamtoa yule mdudu na kumtikisa mbele ya uso wa mwanangu.

Mtoto hakulia. Hicho ndicho kilichonichefua kuliko vyote. Alikaza mwili, akabana midomo, mkojo ukamtiririka mapajani hadi mkekani ukachanganyika na maharage. Kisha akaanza kuokota punje mojamoja, zimelowa vilevile, na kuzitia mdomoni. Nilimpokonya. Wao walikuwa wanacheka! Wifi alicheka huku kinyonga bado anamning'inia mkononi, na ule uvundo wa mzoga mkavu ukanifika puani. Nilitoka nje nikatema mate kwenye migomba mpaka koo likaniuma.

"Umeona, mwanangu?" mama aliniambia niliporudi. "Hatumchapi. Ulivyosema ndivyo tunavyofanya."

"Mama, nisamehe, lakini hili ni baya kuliko fimbo."

"Wewe ulikataza fimbo. Kinyonga hukumtaja."

Alisema kweli, na ukweli wenyewe ulinitia kinyaa. Safari hii sikumtuma mtu. Nilichuchumaa mbele yao kama mwalimu wa chekechea, nikaonyesha: unashuka mpaka macho yenu yalingane, unamshika mikono, unamwambia kwa upole kwamba chakula hakimwagwi, halafu mnaokota pamoja.

"Na akimwaga tena?" mama akauliza.

"Unarudia, mama."

"Na tena?"

"Unarudia."

"Haya. Na mahindi yangu atapukuchua nani?"

Wifi akaangua kicheko kingine. Nilijua nimeshindwa. Nikachukua kopo kwa ncha za vidole, nikaenda kulitumbukiza chooni pamoja na mzoga wake, nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Niliporudi, mama alikuwa amenuna. Alisikitikia kopo. Lilikuwa zuri, alisema, lina mfuniko wake.

Siku hiyohiyo niliteremka na binti yangu. Nani angemlea nikiwa kazini, sikujua. Nilijua tu kwamba hofu ile nimeizika kwenye choo cha Suji, na kule ndiko itakakooza.

Kesho yake asubuhi, nyumbani kwetu Same, alikaa jikoni akichezea kikombe chake cha plastiki. Nilitaka kumpikia chai ya maziwa, anaipenda mno. Nikanyoosha mkono kabatini, nikashusha kopo la maziwa ya unga.

Nilisikia kikombe kikiwekwa sakafuni, polepole. Nikageuka. Binti yangu alikuwa amekaza mwili, mikono juu ya magoti, macho kwenye mkono wangu.

"Sijamwaga, mama," alisema. "Sijamwaga."