Felisita Apaka Rangi Nyumba ya Kuuza

Tangu siku Felisita alipoteleza kwenye njia ya kisimani akateguka nyonga, alikuwa na hofu moja tu duniani: kufa peke yake. Siku hiyo alilala kwenye majani kuanzia asubuhi hadi saa sita, ndoo imemwagika, hata mbwa hakupita. Mumewe Niyibizi alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, na binti yake wa pekee, Niragira, ameolewa mbali, Ntobeye huko Ngara. Habari hii aliisimulia kwa kila mwenye masikio pale Bisibo. Kipande alichokuwa akikiruka ni kile cha jirani yake Dafroza kumkuta, kumbeba mgongoni hadi nyumbani na kumkanda kwa maji ya moto wiki tatu. Nadhani aliona kinaharibu utamu wa masimulizi.

Basi Niragira alipopiga simu kwamba kuna kinyumba kinauzwa pua na mdomo na kwake, na mwenyewe atasubiri hadi mwisho wa mwezi, Felisita hakulala akifikiri. Nyumba ya Bisibo iuzwe, akaishi karibu na mwanawe.

Akatafutiwa dalali. Akaja Muksini kutoka Biharamulo mjini, juu ya pikipiki, miwani ya jua usoni siku ya mawingu.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Muksini aliizunguka nyumba akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Alipomaliza alishusha pumzi. "Mama, tatizo ni kwamba humu ndani kuna vitu vyako vingi mno."

"Si nyumba yangu?"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Mteja akiingia aone nyumba yake yeye, siyo yako. Siku hizi nyumba inapambwa kwanza, ndipo inauzwa." Elimu hiyo aliipata kwenye simu, kutoka nchi ambazo watu, inaelekea, hawana maisha ndani ya nyumba zao. "Na jambo la pili: majirani wasijue kabisa. Wakijua watamwambia mteja paa linavuja."

"Mbona linavuja kweli?"

"Umeona sasa! Wewe mwenyewe unaharibu biashara."

Kazi ikaanza. Mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya meko yalishushwa, kwa kuwa eti yanaleta ushamba. Yaani shamba lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, lakini mteja asilifikirie. Picha ya Moyo Mtakatifu ikafungiwa sandukuni, pamoja na ile ya harusi, Niyibizi amevaa koti la kuazima lenye mikono mirefu. Kuku walihamishiwa kwenye banda la jirani wa chini. Hawakuambiwa sababu, na jioni walirudi wote wakajipanga mlangoni wakidai haki yao.

Ndani yakaletwa makochi ya kukodi kutoka mjini, bado yamevaa nailoni, na amri kwamba hakuna wa kuyakalia. Felisita akawa anakaa kwenye kigoda jikoni, anayachungulia kwa heshima. Juu ya meza likawekwa bakuli lenye matufaa manne mekundu yaliyosafiri kutoka sijui wapi. Nayo hayaliwi. Nyuma ya nyumba mikungu mitatu ya ndizi iliiva hadi ikaanza kudondoka yenyewe, lakini ndizi, kwa mujibu wa Muksini, hazina mvuto. Mwisho akapuliza marashi ya kopo kila chumba. Mbuzi aliyekuwa amefungwa dirishani alipiga chafya tatu mfululizo, na ndiye peke yake aliyetoa maoni ya kweli siku ile.

Kisha rangi. Kuta zote za nje rangi ya maziwa, mlango buluu. Fundi alipomaliza, Felisita alisimama uani akaitazama nyumba yake, na ikamuuma. Niyibizi alimwahidi rangi kila Krismasi, Krismasi ishirini na sita, na kila mara ilikuwa "ijayo". Sasa nyumba imependeza, na imependeza kwa ajili ya mtu asiyemjua hata jina la baba yake.

Hapo ndipo dalali wetu, mtaalamu wa simu, alipojikwaa. Muksini ni mtoto wa mjini, hakujua jambo ambalo kila mtu wa Bisibo analijua: huku hakuna anayepaka rangi nyumba ili aihame. Nyumba hupakwa rangi kwa sababu mbili. Ama anakuja askofu, ama kuna harusi. Askofu hakutangazwa kanisani. Niragira alishaolewa na ana watoto watatu. Watu wakahesabu wanawake waliobaki ndani ya nyumba ile wanaoweza kuolewa, wakapata mmoja, mwenye miaka sitini na moja na nyonga mbovu.

Dafroza ndiye aliyetumwa kuhakikisha. Alipita na jembe begani kana kwamba anaelekea shambani, saa kumi jioni.

"Felisita, naona rangi."

"Ndiyo, mwenzangu."

"Na makochi."

"Ndiyo."

"Kuna ugeni?"

"Yupo mgeni mmoja, Jumamosi."

"Mwanamume?"

"Mwanamume. Anaitwa Bukuru. Alikuwa dereva wa malori, sasa amestaafu."

"Ana mke?"

"Nasikia alifiwa." Felisita alijibu, akirudia aliyoambiwa na Muksini kuhusu mteja, huku akijisifu moyoni kwamba hakusema uongo hata mmoja. Dafroza alishika mdomo, akageuka, akarudi alikotoka karibu anakimbia. Shamba likasahaulika.

Jumamosi saa nne Bukuru alishuka kwenye pikipiki ya Muksini, mzee mpole mwenye kofia na maneno machache. Vigelegele vilimpokea kabla hajavua kofia. Wanawake wa kitongoji kizima walikuwa uani wamevaa vitenge vya sare. Kulikuwa na chungu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kimefunikwa kwa majani mabichi. Kwaya ilikuwepo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, ndani ya koti ambalo kwa kawaida hulivaa wakati wa uchaguzi tu. Kabla Bukuru hajauliza lolote alikuwa amekalishwa kwenye kochi lisilokaliwa, amepewa mrija, na mtoto wa kike wa kwaya anakula tufaa mbele yake.

"Mama, umefanya nini?" Muksini alinong'ona.

"Wallahi sijui," alijibu Felisita, Mkatoliki wa kuzaliwa.

Mwenyekiti alisimama, akakohoa. "Shemeji yetu, karibu Bisibo. Dada yetu huyu amekaa na upweke muda mrefu. Sisi kama kitongoji tumefurahi mno, na tunakukabidhi..."

Bukuru akautoa mrija mdomoni taratibu. "Samahani, mwenyekiti. Mimi nimekuja kununua nyumba."

Kwaya, iliyokuwa ikiimba chinichini, ilikatika katikati ya ubeti. Watu wote wakamgeukia Felisita, na Muksini akaanza kutazama pikipiki yake ilipo.

Dafroza hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Kwa hiyo unahama."

"Nahama."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Mwenye pikipiki anajua. Mimi ninayepakana nawe sijui."

Felisita alijaribu kusema habari ya dalali, ya mteja, ya bei. Yote hayakutoka. Likatoka lile moja. "Naogopa kufa peke yangu, Dafroza."

"Peke yako?" Dafroza alitazama ua uliojaa watu hadi kwenye migomba. "Sisi tulikuwa tunashangilia kwamba sasa umepata mtu. Kumbe miaka yote hii hukutuhesabu."

Felisita alilia pale pale mlangoni, machozi yanadondokea kwenye rangi mpya. Siku ile ya kisimani ilimrudia yote, pamoja na kile kipande cha mgongo wa Dafroza.

Bukuru alingoja, kisha akauliza kwa upole kama paa ni zima. Muksini akafungua mdomo. Dafroza akamtangulia. "Linavuja chumba cha nyuma, kona ya kushoto. Choo ni kipya. Maji ya kisima ni matamu ila njia inateleza. Mpaka wetu ni ile minyaa, na haujawahi kuleta ugomvi."

Muksini alifumba macho kama mtu anayeona mazishi ya kamisheni yake.

"Nimezunguka nyumba nyingi," Bukuru alisema, "na zote niliambiwa hazivuji. Mwenyekiti, hawa majirani wanabaki?"

"Wataenda wapi?"

"Basi nanunua."

Karatasi ya mauziano haiwi karatasi bila majirani wa mipaka kutia sahihi, jambo jingine ambalo simu ya Muksini haikumfundisha. Dafroza alitia ya kwanza, kwa mwandiko wa darasa la nne, herufi moja moja. Kisha akatoka, akarudi na mkeka mpya uliokunjwa.

"Tulikusukia wa harusi," alisema. "Ni wa watu wawili. Chukua hivyo hivyo."

Mwisho wa mwezi Felisita alifika Ntobeye, kwenye kinyumba alichonunua, na sanduku, picha zake na mkeka. Niragira alimpokea kwa furaha ya kweli. Kisha kulipokucha alikwenda shambani, watoto wakaenda shule, na Felisita akabaki mlangoni hadi jioni. Kesho yake hivyo hivyo. Watu wa Ntobeye walipita, wakamsalimu vizuri sana, wakaendelea na safari zao. Alikuwa amehama wilaya nzima kuukimbia upweke, na upweke ulikuwa umemtangulia kufika, umekaa unamsubiri.

Wiki ya pili alijikokota hadi dukani, akanunua chokaa na brashi. Akapanda kigoda, nyonga inalalamika, akaanza kupaka ukuta wa mbele, ule unaotazama njia.

Hajafika nusu, mwanamke mmoja mwenye jembe begani akasimama. Akatazama ukuta, akamtazama yeye. Wa pili akaja kusimama nyuma yake.

"Bibi, kuna harusi hapa?"

Felisita alishuka, akajifuta chokaa mikononi, akautandika mkeka kivulini.

"Hakuna harusi," alisema. "Ni mimi tu nimehamia. Njooni mkae."