Kushoto na mlango ulioandikwa "Almoner"

Jumatano ya tarehe nne Juni, mwaka juzi, fundi wa vibao ambaye mtaa mzima humwita Kushoto alishinda kwenye benchi la korido ya hospitali, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa mbao uliofungwa, kichwa cha mkewe kikiwa mapajani pake. Tumbo lilimshika mama huyo tangu alfajiri. Daktari alisema apasuliwe. Dirisha la malipo likasema alipe kwanza.

Shemeji mtu alitumwa kukopa. Aliporudi jioni na nusu ya kilichotakiwa, hapakuwa tena na wa kupasuliwa.

Leo asubuhi Kushoto yuko kwenye korido ileile, amepiga goti mbele ya mlango uleule, msasa mkononi. Hospitali inapakwa rangi kwa sababu kuna wakubwa wanakuja kuikagua. Ameitwa kufuta maandishi ya Kiingereza cha kale kwenye milango kumi na miwili na kuandika mapya. Kumi na mmoja imekwisha. Huu wa mwisho hajautia msasa tangu juzi.

"Rangi wameipatia fungu," anasema bila kuinua macho. "Rangi haiugui."

Kushoto aliishia darasa la nne. Kazi aliipata kwa baba yake mdogo, naye fundi wa vibao, aliyemwona mtoto anashika chaki kwa mkono wa kushoto akasema huyu atachafua kila ukuta. Mwandishi wa kushoto akianza neno mwanzoni, kiganja chake hupita juu ya rangi mbichi. Dawa yake ilikuwa kumfundisha kuanza na herufi ya mwisho na kurudi nyuma. Mpaka leo ndivyo aandikavyo: kinyume, kama kaa, lakini mstari umenyooka kama uzi.

Watani humwambia kwamba hata salamu huanza na kwaheri. Naye hujibu kwamba wao hata hiyo kwaheri hawajui kuiandika.

Miaka mingi kabla ya Jumatano ile, hospitali hiyohiyo ilimpa kazi ya kurudishia rangi kwenye milango yake ya zamani. Alifuata kivuli cha herufi zilizofifia, moja baada ya nyingine, kutoka nyuma kwenda mbele. Kwenye mlango huu alianza na R, akaja E, akaja N. Hakusoma neno, hakuna aliyemwambia ni neno la nini, wala aliyemtuma hakulijua. Alimaliza na A nzuri yenye miguu iliyotanuka, akalipwa, akaondoka. Mkewe alipopita pale kumletea chakula alisema hiyo A inafanana na mtu aliyesimama imara.

"Nililiegemea neno nililoliandika kwa mkono wangu," anasema Kushoto. "Kutwa nzima. Na mle ndani walikuwa wameweka mafagio."

Maana yake aliijua miezi mitano baada ya mazishi. Muuguzi mmoja mstaafu, bibi wa miaka themanini na ushei, alimwita amwandikie kibao cha duka lake la vyombo. Katika mazungumzo fundi akasimulia msiba wake, akataja mlango. Bibi akamwomba amwandikie lile neno kwa chaki sakafuni. Akaliandika, kinyume kama kawaida yake. Bibi alilitazama mpaka likakamilika.

"Mwanangu," alimwambia, "hapo ndipo mlipotakiwa kugonga."

Alimweleza kwamba zamani hospitali ilikuwa na mtu wa kukaa chumba kile, kazi yake kuwasikiliza wasiojiweza na kuandika kibali watibiwe, habari ya malipo ije baadaye. Neno lenyewe ni la kutoa sadaka. Mzizi wake uko kwa Wagiriki, ambako maana yake ilikuwa huruma. Likapita kwa Walatini, likapita kwa Wafaransa, mpaka linawafikia Waingereza limeshachakaa kama noti ya sokoni. Yule wa mwisho kukaa chumbani alistaafu, hakuwekwa mwingine. Waliofuata hawakufuta kazi hiyo, waliisahau tu, kwa kuwa aliyeshiba hana haja ya kukumbuka.

Tangu siku ile Kushoto hapaki rangi neno asilolijua. Hulibeba kwa bibi, ambaye ana kamusi nene iliyopoteza jalada, na bibi humfungulia. Ndiyo maana leo anaweza kumwonyesha mwandishi wa habari hii milango aliyoimaliza, mmoja mmoja, huku akitembea na ndoo yake.

Chumba cha dawa kiliandikwa "Apothecary". Asili yake, anasema, ni ghala. "Hapo hawakukosea. Ghala limebaki, dawa ndiyo imehama." Mlango wa nyuma ya jiko uliandikwa "Scullery", neno lililozaliwa na sahani, maana ndipo zilipooshwa. Na wodi, ambayo sote tunaitamka kama ya kwetu, kwa Waingereza wa kale ilikuwa kulinda. Hapo Kushoto hucheka kwa pua. Walinzi aliowaona yeye siku ile walikuwa getini, na walikuwa wanamlinda mwenye gari.

Kazi zenyewe zimepungua. Zamani alikuwa akipata vibao sita kwa wiki, sasa akipata viwili anashukuru, kwani mashine za kuchapa stika zimekula mkate wa mafundi wa brashi. Hapa ameitwa kwa kuwa stika haishiki kwenye mbao hizi kuukuu. Asipoumaliza mlango wa kumi na mbili hatalipwa hata ile kumi na mmoja, na binti yake wa mwisho anasubiri ada.

Binti huyo, anayemletea chai ya chupa kila asubuhi, hamsukumi. Alimwambia tu kwamba mama angecheka kumwona baba anaogopa mlango.

Juzi mkuu wa utawala alikuja kuuliza kulikoni. Maelekezo ni kufuta neno la zamani na kuandika "Stoo". Kushoto aliomba jambo moja: aliache neno, aandike chini yake kwa Kiswahili "Wasiojiweza Wagonge Hapa", na ndani awekwe mtu. Maandishi atayafanya bure.

Mkuu wa utawala, mtu mpole mwenye haraka, alisema jambo hilo ni la ngazi za juu. Fundi afute, mengine yataangaliwa.

"Yaangalieni kwanza, bosi," Kushoto akamjibu. "Mimi nitasubiri. Kusubiri hapa nimeshazoea."

Wakubwa wanafika kesho kutwa. Benchi limeondolewa koridoni lisionekane, na mafagio bado yako ndani. Kushoto amekwisha piga mistari ya chaki chini ya lile neno, kwa ajili ya maneno ambayo hajaruhusiwa kuyaandika. Swali lake amewauliza mkuu wa utawala, karani wa dirisha la malipo na daktari wa zamu, na kila mmoja amemwelekeza kwa mwenzake:

"Nikishalifuta neno hili, asiye na kitu akagonge mlango gani?"