Jani la Baba Ukutani

Nilipokuwa mtoto hapa Butembo, salon yetu, yaani sebule, ilikuwa na ua moja tu, na lilidekezwa kuliko sisi watoto. Koko, mama wa baba yangu, alilipanda ndani ya kopo la maziwa karibu na dirisha: majani manene yaliyojaa maji, na maua mekundu yenye kuning'inia kama vikengele. Baba akienda safari, Koko alichuma jani moja akalitundika kwenye msumari wa rozari yake. Jani likitoa watoto pembeni, msafiri yuko mzima. Likioza, basi.

Mara moja Baba alipeleka maharage Beni kwa lori, na simu yake ikanyamaza. Barabara ile tulijua inavyokula watu. Mama yangu, Mprotestanti wa kweli kweli, hakutaka habari za jani.

«Mama, siye ni batu ba maombi. Hapana kuniletea mambo ya majani.»

«Omba tu, mutoto yangu,» Koko akamjibu. «Miye nitachunga jani.»

Mama aliomba kweli. Lakini kila asubuhi alifagia mahali pale pale, chini ya msumari, sakafu imekwisha kung'aa na bado anafagia, macho juu. Sahani yake aliirudisha jikoni imejaa. Mimi nilikuwa napita salon nimefumba macho kwa woga, nikijigonga kwenye meza.

Kisha asubuhi moja Mama akamwita Koko kwa kelele: «Mama! Kuja uone!» Pembeni mwa jani palikuwa na vichipukizi vya kijani, vidogo kama meno ya mtoto. Mama akaketi chini, akalia, halafu akaomba chai.

Baba alirudi juu ya pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Lori lilikuwa limeharibika, barabara ikafungwa, simu ikaibwa. Mama alimgombeza kwanza, kumkumbatia kukafuata.

Nilipokuwa msichana mkubwa niliokota jani la ua lile lililoanguka nyuma ya kabati. Hakuna aliyesafiri, lakini lilikuwa limeota! Nikamkimbilia Koko.

«Koko, ile jani inaota tu! Hata mutu akikufa, itaota!»

Akacheka hadi akakohoa. «Sasa ulitaka nimutundikie mama yako jani gani? Ya kuoza?»

Koko hayuko tena. Nilimpenda sana mzee yule. Alijua barabara haiwezi kuchungwa na mtu aliye nyumbani, akatupa kitu kinachochungika. Siku hizi nakaa mtaa wa Vulamba, humu humu Butembo, na kijana wangu anasoma Beni. Jani lake liko ukutani. Najua vizuri litaota, na bado naamka kuliangalia.

Mama naye akija kunitembelea, hata kabla ya kuketi, anauliza ufagio uko wapi.