Nyumba ya Angani Iliyoshonwa Satwa

Duka letu la Satwa, Dubai, lilishona mapazia, mito ya majlisi, zile sebule za kukalia chini, na, joto likipungua, lilitia viraka yale majumba ya kujazwa upepo ambayo watoto huyarukia kwenye sherehe. Ni viraka hivyo vilivyotuponza. Arbab wetu, mwenye duka, alipoulizwa kama tunaweza kushona nyumba ya angani, alijibu "inshallah" kabla mteja hajamaliza kueleza.

Mafundi tulikuwa wawili. Mimi ni mwanamke wa Morogoro niliyeanza Dubai kwa kazi za ndani. Mwenzangu alikuwa mzee wa Unguja, aliyekuwa anashona katika mji ule tangu sijazaliwa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye cherehani. Siku akiinua macho, ujue kuna jambo.

Mteja alikuwa mhandisi, binti wa hapohapo, abaya nyeusi na raba nyeupe. Alitandaza mchoro juu ya meza ya kukatia akatueleza. Wako watu wanaotaka kujenga kituo cha kuishi angani, na vyumba vyake ni vinene kuliko roketi ya kuvipeleka. Kwa hiyo vinashonwa kwa kitambaa kizito, vinakunjwa, vinafungiwa ndani ya kofia ya roketi, na vikifika huko juu vinajazwa hewa. Yeye alitaka mfano wa maonyesho: kofia ya plastiki yenye kimo cha mtu, inayofunguka vipande viwili kama ganda la karanga, na ndani yake chumba cha kitambaa kitakachovimba mbele ya wageni mpaka kifike ukubwa wa gari dogo.

"Kile cha kweli watakaa watu wangapi, madam?" niliuliza.

"Wanne."

Wakati huo chumbani kwangu, mtaa wa Naif, tulilala sita. Nilitazama mchoro tena nikaona wametengewa na mahali pa kufanyia mazoezi.

"Ni pakubwa," nilisema.

Mzee alishona mwili wa chumba, mimi nikashona mikanda ya kukizunguka. Mwili ulikuwa na vipande vinane vilivyosimama wima kama vipande vya chungwa, na kila kipande kilikuwa na kiungo kiunoni, kwa sababu kitambaa hakikutosha urefu. Mzee alivilinganisha viungo hivyo vinane hivi kwamba ukizungusha kidole kiunoni hukioni kinapopanda wala kinaposhuka. Nimeshona miaka mingi na sijawahi kutoa mshono kama ule.

Siku ya kujaribu, mhandisi alikuja na kofia yake nyuma ya pikapu. Tulikikunja chumba, kikavuta hewa na kukunjuka chenyewe. Tukaleta mashine ya kufyonzea vumbi, tukafyonza hewa yote, kikanywea. Tukakizungusha kwenye nguzo yake ya katikati, tukaleta vipande vya kofia. Havikukutana. Palibaki mwanya wa vidole vinne.

Tukalaza kila kitu chini, tukasukuma. Mzee akakalia kofia. Mhandisi naye akakalia. Arbab alitoka ofisini, akamkuta fundi wake mkongwe na mteja wake wa heshima wamekaa bega kwa bega juu ya roketi, akarudi ofisini.

"Hiyo roketi ya kweli ina nguvu?" mzee aliuliza kwa Kiarabu.

"Nyingi sana, hajji."

"Basi si ijifunge yenyewe?"

Mhandisi alimweleza kwa upole kwamba kofia haitakiwi hata kukigusa kitambaa. Roketi inatikisika, kitambaa kitasuguliwa, na kofia ikibanwa huenda isifunguke kabisa. Lazima ibaki nafasi pande zote. Kisha akaenda kuongea na simu, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye furaha.

Mimi nilipitisha mkono juu ya lile furushi. Lilikuwa laini kote isipokuwa katikati, ambako palikuwa na nundu ngumu kama ngumi. Nikajua papo hapo. Nilikunywa chai nzima kabla sijasema.

"Mzee, vile viungo vya kiunoni vimelingana."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Vikikunjwa vinapandana. Vinane, mahali pamoja."

Aliinua macho. Akaja, akapapasa nundu.

"Kwa hiyo wataka nishone kombokombo."

"Kimoja juu kidogo, kinachofuata chini kidogo. Kitambaa kilichobaki kinatosha."

"Miaka yote hii," alisema, "mie najifunza kulinganisha."

Alichukua wembe akaanza kufumua. Niliponyoosha mkono nimsaidie, akausogeza. "Wacha. Huu mshono wangu."

Kwa siku tatu alizungumza nami kuhusu uzi tu. Nilijisikia kana kwamba nimemvua kofia yake mbele ya mteja. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kila nikitafuta kosa langu sikulipata, na kuomba radhi bila kosa kungemkera zaidi.

Siku ya nne tulikunja upya. Kofia ilifunga kwa mlio mdogo. Mhandisi alipitisha vidole kwenye nafasi iliyobaki, akazunguka mara mbili, akasema "khalas" na kukaa sakafuni. Mzee akasema alhamdulillahi akaenda kuswali alasiri.

Kwenye maonyesho tulipewa vitambulisho vya shingoni vilivyotutaja kuwa wataalamu wa vitambaa. Kofia ilifunguka, chumba kikavimba polepole huku kikitoa sauti ya mtu anayejigeuza kitandani. Watu wakapiga picha. Bwana mmoja akauliza choo kiko wapi. Mwingine, Mwarabu wa makamo, akauliza nani ameshona.

"Mimi nilishona vizuri, ikakataa kuingia," mzee alimjibu. Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Huyu akaniambia niharibu, ikaingia."

Yule bwana alinipa mkono. Mimi nikampa wangu, huku ule wa pili umeshika kitambulisho changu.

Majuma mawili baadaye mhandisi alitupigia simu ya video kutoka hotelini, nchi nyingine, alikopeleka maonyesho yake. Alikuwa amepiga magoti juu ya zulia, na chumba cha angani kimetapakaa nyuma yake mpaka mlangoni.

"Haiingii," alisema.

"Umefyonza hewa, madam?"

"Nimefyonza."

Mzee alininyang'anya simu. "Binti, wakunja kama shuka. Izungushe kwenye nguzo, kulia."

"Kushoto," nilisema.

"Kulia! Nani alizungusha siku ile?"

"Mimi nilizungusha, wewe ulishika nguzo."

"Tafadhali mkubaliane," mhandisi alisema.

Tukakubaliana kushoto. Ikachukua muda wa saa nzima, yeye akikunja na sisi tukimkatiza. Arbab alipita mara mbili. Mara ya tatu akasimama, akauliza mapazia ya yule mama wa Al Mankhool yamefikia wapi.

"Ngoja kwanza," mzee alimwambia, macho kwenye simu. "Tuko angani."