Mama mkwe wangu anaongea kwa macho, na kila akiongea na mimi anataka choo tu

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa barazani kwangu Kihonda, friji ya mteja iko wazi mbele yangu na gesi bado sijajaza. Ninachosimulia kimetokea ndani ya nyumba yangu na sijaongeza chumvi. Pengine kwa wengine ni kitu kidogo. Mimi kimenivuruga na mpaka sasa sijakaa sawa.

Kwanza mjue nyumba ina nani.

Mimi ni fundi friji na feni, kazi nafanyia hapa hapa nyumbani. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mwembesongo, anatoka asubuhi anarudi jioni. Watoto wako bweni. Halafu yupo mama mkwe, mtu wa Mgeta, mkulima wa kabichi na njegere maisha yake yote.

Mama alipata kiharusi akiwa shambani. Walimbeba kwenye machela mpaka barabarani, akapandishwa lori la mboga, akafikishwa mjini. Mungu ni mwema alipona, ila sauti haikurudi. Mkono wa kulia umekufa. Wa kushoto unatetemeka, hawezi kukunyooshea kitu kwa kidole. Hata shingo haina nguvu ya kutikisa kichwa akubali au akatae.

Kilichobaki kizima ni macho.

Hospitali, mtaalamu wa mambo ya kuongea akampa mke wangu kifaa. Msifikirie kitu cha umeme. Ni plastiki ngumu inayoonyesha upande wa pili, ukubwa wa sinia, katikati imekatwa dirisha. Pembezoni zimebandikwa picha: maji, chakula, choo, redio, nje, kitanda, mwanaume, mwanamke, bibi, sehemu za mwili kama macho na mguu za kuonyesha panapouma, na alama nyekundu ya hapana.

Unakaa mbele ya mgonjwa, unakishika katikati yenu. Anatazama picha, wewe unafuata macho yake yalikokwenda. Sisi nyumbani tukakiita kioo.

Mke wangu alifundishwa, akarudi akanifundisha na mimi. "Akishachagua picha atakutazama wewe machoni. Hiyo ndiyo 'ndiyo' yake." Nikamwambia sawa, nimeelewa.

Sikuelewa kitu.

Ratiba ikawa hivi. Wife akiondoka, mimi nabaki na mama. Kumwogesha na kumpeleka choo ni kazi ya jirani yetu Mama Zuhura, maana mnajua mkwe na mkwe. Mimi kazi yangu ni kumwamkia, kumwekea redio, kumpa uji na kumshikia kioo aseme anachotaka.

Asubuhi naingia, naweka kiti, natoa shikamoo nikiangalia miguu yake, kama mtu aliyelelewa. Nainua kioo. Natupia jicho mara moja kuona ametazama wapi, halafu narudisha macho chini.

Choo.

Naenda kumwita Mama Zuhura. Anaacha dagaa zake jikoni, anakuja, wanahangaika mpaka chooni. Hakuna kitu. Wanarudi.

Baadaye kidogo nainua tena kioo. Choo. Mama Zuhura huyo, mbio. Hakuna kitu.

Wakuu, siku nzima ni choo. Nikimuuliza uji, choo. Nikimuuliza redio ipunguzwe, choo. Nikimuuliza kama anasikia baridi, choo! Ikafika mahali Mama Zuhura ananiambia, "Baba, mimi nakuheshimu, ila mama yetu huyu tutamvunja kiuno kwa kumnyanyua bure."

Tukampeleka hospitali, wakampima mkojo. Safi kabisa.

Kilichonichanganya zaidi ni jioni. Mke wangu akirudi anakaa na mama yake, anainua kioo, na mama anaongea! Dirisha lifunguliwe. Uji ulikuwa na sukari nyingi. Mguu unauma, usuguliwe. Nikiwa nasikiliza kutoka barazani najiuliza, huyu ni mama yule yule niliyeshinda naye?

Nikaanza kumshuku mke wangu. Si kwa ubaya. Niliona ni mtoto anayempenda mama yake, anajisomea mwenyewe anachotaka kusikia. Nilimhurumia sana kwa hilo na sikumwambia.

Sasa mimi ni fundi. Kitu kikisumbua sikai kukilalamikia, nakipima. Friji haipoozi, unaangalia gesi, unaangalia thermostati, unaangalia kompresa, mpaka umkamate mbaya wako.

Basi siku moja nikabandua picha ya choo pale chini kwenye kona ilipokuwa. Nikaipeleka juu. Pale chini nikabandika maji.

Nikaingia, shikamoo mama, nikainua kioo.

Maji.

Nikampa kwa kijiko. Nikainua tena. Maji. Nikampa. Maji tena. Kile cha tatu akafunga mdomo na machozi yakamtoka, na mimi nimeshika kijiko kama mtu aliyefumaniwa.

Nikarudi barazani nikakaa. Kwangu jibu lilishapatikana. Mama haoni picha, haelewi picha, macho yanaangukia pale pale haijalishi kimebandikwa nini. Akili imeondoka. Iliniuma, maana huyu mama ndiye aliyenitetea nilipokuja kuposa nikiwa sina hata kiti cha kukalia.

Ningekaa kimya na jibu langu, lakini kuna jambo lilikuwa linakuja.

Mama ni Mluguru, na Waluguru ukoo wao unafuata upande wa mama. Kule Mgeta kuna matuta ya ukoo, yale mashamba ya ngazi mlimani, na mama mkwe ndiye mwenye kauli nani alime wapi. Tangu augue watu wanasubiri. Mvua zinakaribia, vitalu vya miche viko tayari, hakuna anayejua apande tuta gani. Mjomba, yaani mdogo wake mama wa tumbo moja, akatuma ujumbe kwamba anashuka Jumapili. Kama dada bado anajitambua, atasema. Kama hajitambui, kauli ihamie kwa mdogo wao wa kike na mama arudishwe Mgeta akatunzwe huko.

Mke wangu hakula vizuri wiki hiyo yote. Mgeta nani angejua kushika kioo? Mama angelazwa chumbani, wageni wangemwombea, na ingekuwa basi tena, hasemi kitu na mtu yeyote mpaka afe.

Jumapili baada ya misa mjomba akafika na gunia la kabichi na karoti. Si mtu mbaya yule mzee, tusielewane vibaya. Alipomwona dada yake alishika ukuta kwanza ndipo akaweza kukaa.

Tukakaa sebuleni, mama kwenye kiti chake, mke wangu pembeni, Mama Zuhura naye akaitwa. Mjomba akanigeukia mimi.

"Mkwe, mwanangu huyu ni mtoto, atamtetea mama yake. Wewe ndiye unayeshinda naye. Niambie ukweli, dada yangu anajua anachosema?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu ananitazama, mjomba ananitazama. Nikasema nilichokiona.

"Mjomba, kwangu mimi hajawahi kusema kitu kikaeleweka. Alikuwa anataka choo siku nzima. Nilipohamisha ile picha nikaweka maji, akataka maji siku nzima."

"Ulihamisha picha?" mke wangu akauliza. Kwa sauti ile ile anayowaulizia watoto darasani nani kavunja kiti.

Hakusubiri jibu. Akachukua kioo, akarudisha picha zote mahali pake, akakaa mbele ya mama yake.

"Mama, umesikia alichosema?"

Mama akamtazama mwanae moja kwa moja. Ndiyo.

"Una neno?"

Ndiyo.

Macho ya mama yakaenda kwenye picha ya mwanaume. "Mwanaume," mke wangu akasoma. "Mjomba?" Macho yakaenda kwenye alama nyekundu. Hapana. "Mume wangu?" Ndiyo.

Kisha macho yakahamia kwenye picha ya macho. Kisha alama nyekundu.

Mwanaume. Macho. Hapana.

Mama Zuhura akaziba mdomo kwa kanga. Mjomba akajiinua nusu kwenye kiti na kuniuliza taratibu, "Mkwe, umemfanya nini dada yangu?"

Nilijua sijafanya kitu, lakini nikaanza kujikagua mwenyewe kama kweli sijafanya kitu. Mtu asiyeweza kusema amekutaja wewe mbele ya ukoo wake, utajitetea na nini?

Ni mke wangu aliyeniokoa, kwa kuuliza moja moja.

"Amekufanyia ubaya?" Hapana, haraka sana.

"Macho yake yanaumwa?" Hapana.

Mke wangu akanitazama mimi niliyekuwa nakodolea zulia.

"Hakuangalii?"

Mama akamtazama mwanae na hakuyatoa macho pale. Ndiyo.

Halafu akaendelea mwenyewe bila kuulizwa. Picha ya bibi, ambayo ndiyo yeye. Macho. Hapana. Yaani yeye naye hanitazami mimi.

Mke wangu akashusha kioo, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Baba nanihii, nilikwambia 'ndiyo' yake iko machoni! Wewe unashusha macho kwa heshima, yeye anashusha macho kwa heshima. Mnakutana wapi? Chini pale kwenye choo!"

Wakuu, kumbe mama hakuwa anachagua picha yoyote. Alikuwa anamstahi mkwewe. Nimemwinulia kioo usoni, na yeye kama mama wa watu wa zamani anainamisha macho, na mimi namwitia Mama Zuhura amnyanyue kumpeleka choo! Na kisha namnywesha maji kwa kosa la kuwa na adabu!

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Halafu akafuta macho na kukaa mbele ya dada yake, akasema, "Haya, dada, tuanze na tuta la chini kijitoni." Akawa anataja jina la mtu, mke wangu anasoma macho. Huyu ndiyo. Huyu hapana. Kuna jina moja alipolitaja, macho ya mama yaliruka kwenye alama nyekundu kabla jina halijaisha, na mjomba akasema, "Nilijua tu, bado ana kinyongo naye."

Walipomaliza matuta, mjomba akamuuliza kuhusu kurudi Mgeta. Mama akatazama alama nyekundu, kisha akamtazama mwanae. Atakaa hapa.

Kabla ya kuondoka mjomba akaniita pembeni. Akasema, "Hii aibu baina yenu tuiondoe kwa heshima, si kwa kuivunja." Akanielekeza. Nikanunua doti ya kanga, nikaja nayo mbele ya watu, nikapiga goti, nikamwekea mama mapajani. Mjomba akasema kuanzia leo huyu ni mwanao, mtazame.

Ninyi mnaoona ni jambo dogo hamjalelewa nilikolelewa mimi. Nilimpigia simu mama yangu Singida kumweleza, akaanza kufoka, "Unamkodolea macho mkweo?" Nikamweleza kuhusu kioo. Akaniuliza mara mbili kinavyoshikwa, kisha akasema, "Mpe salamu zangu. Lakini usizoee."

Sasa hiyo "usizoee" ndiyo inayonitesa. Naanzia wapi, naishia wapi? Asubuhi ya kwanza nilipoinua kioo na kumtazama kupitia lile dirisha, nilianzia kwenye paji la uso ndipo nikashuka. Macho ya mama ni ya kahawia, na lile la kushoto lina doa. Nimeoa mtoto wake, nimekaa naye nyumba moja, sikuwa najua hata macho yake yakoje.

Nikasema, "Shikamoo, mama."

Akanitazama. Ikawa ndiyo marahaba yake.

Nilichojifunza, kwa mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani: picha peke yake haziongei, wewe unayeshika ndiye nusu ya maneno. Mkiwa na jambo baina yenu, hata jambo jema kama heshima, litaingia kwenye maneno yake na utasema mgonjwa ndiye mbovu. Na asiyeweza kuongea msimkatie kauli kabla hajaulizwa na mtu anayemtazama. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu kumzika mtu mzima aliye hai, kwa ushahidi wangu mwenyewe, na nikijiona fundi.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni cha leo.

Nimempelekea uji saa za mchana. Nikainua kioo, nikamuuliza, "Mama, uko tayari kula?"

Akanitazama machoni vizuri kabisa. Kisha taratibu, akiwa na uhakika kwamba nafuata, akashusha macho mpaka kwenye picha ya choo. Akayapandisha tena kwangu. Ndiyo.

Nimeshaweka bakuli chini, nimeshafika mlangoni, nimeshaita "Mama Zuhura!"

Nikageuka.

Ule upande wa mdomo wake unaofanya kazi ulikuwa umepanda juu, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka kwa kicheko kisicho na sauti.

Mama mkwe wangu amenitania.

Wakuu, nimetoka nje nikasimama barazani. Kwetu mama mkwe hakutanii, na ukitaniwa hujui ufanye nini na uso wako. Wenye uzoefu wa kuishi na mkwe nisaidieni: mtu anaruhusiwa kucheka naye, au nicheke nikiwa huku huku nje?

Mama Zuhura ameshafika na taulo begani, anauliza yuko wapi mgonjwa. Na mimi nimeshindwa kumjibu kwa kucheka.