Sauti ya Msafiri wa Wakati

Kila Jumamosi mchana, pale kwenye chumba cha video cha Kimemi, Kyakimwa huketi benchi ya nyuma kumsikiliza mutafsiri, mzee mwenye kikohozi anayeisemea filamu kwa Kiswahili kwenye mikro, kikombe cha chai kikimpolea gotini. Yule shujaa wa televisheni anayesafiri ndani ya wakati amebadilishwa sura mara nyingi, lakini Butembo sauti yake ni hii hii moja, iliyochoka. Miji ya Wazungu mutafsiri huigeuza yetu: shujaa hushuka uwanja wa ndege wa Mavivi, hupigana Beni, watu hucheka. Kanyabayonga tu, ambako vita vilimkimbiza mzee mwenyewe akaacha nyumba yake, hajawahi kumpeleka shujaa. Leo shujaa ameshika mashine yake ya wakati, anauliza wenzake waende wapi.

"Mumupeleke Kanyabayonga, papa," Kyakimwa akasema. "Mbele ya vita, wakati haijaanza."

Mutafsiri akashusha mikro, akasugua goti kwa kidole gumba. Kwenye televisheni shujaa aliongea, akaongea. Halafu mzee akakohoa.

"Kufika tutafika, mama. Lakini kuacha ile nyumba mara ya pili, mimi hapana weza."